Maswali ya Wasomaji: Shoti Kwanza, Kamera Baadaye

Barua za toleo hili karibu zote zinazunguka jambo moja: kamera mpya imetoka, ya zamani imeanza kuonekana haifai, na mtengenezaji wa filamu yuko njia panda. Tumechagua maswali saba. Neno "stopu" litajirudia, basi tulieleze mapema: kupanda stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, kushuka stopu moja ni kuupunguza nusu.

Shikamooni wataalamu. Kamera yangu ilitoka mwaka 2014 na inarekodi HD peke yake. Wenzangu wote wamehamia 4K na wananiambia nimepitwa. Ninaandaa filamu fupi ya dakika 15. Nibadilishe kamera kabla ya kuanza? (Mwongozaji wa mara ya kwanza)

Marahaba. Weka swali la kamera kando kwa siku mbili na uchukue skripti yako. Chagua shoti tano unazoziogopa kuliko zote. Kwa kila moja andika sentensi moja: mtazamaji aone nini hapa. Kisha nenda mahali penyewe, saa ileile ya siku utakayopigia, ukazijaribu shoti hizo kwa kamera uliyonayo. Rudi uzitazame kwenye skrini kubwa, si kwenye kioo cha kamera, na kwa kila shoti iliyoshindikana andika sababu: mwanga, mahali ulipoweka kamera, lenzi, sauti, uigizaji, au kifaa chenyewe.

Sababu ya "kifaa" ina dalili zake. Mwigizaji amekaa dirishani, ukimpata yeye dirisha linaungua, ukilipata dirisha yeye anakuwa kivuli, na huwezi kuongeza taa ndani: hapo upana wa mwanga ambao kihisi, yaani kipande cha kamera kinachopokea picha, kinaweza kushika ndio umekuzuia. Shoti ya ndani ya gari, na kamera yako haiingii kati ya kiti na dashibodi: hapo ni umbo. Kamera inazima kwa joto baada ya dakika 20 na mazungumzo yako yana dakika 25: hapo ni upoozaji. Lakini uso ukiwa bapa kwa sababu taa iko juu ya kamera, hata kihisi cha kizazi kijacho kitaurekodi bapa vilevile, tena kwa usahihi zaidi.

Usidhani pia kwamba kila hatua ya teknolojia inaongeza uhuru. Kamera ya ndugu wawili Lumière ya mwaka 1895 ilibebwa kwa mkono, na hiyohiyo ilipiga, ikachapisha na kuonyesha filamu. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kamera zilifungiwa ndani ya vibanda kwa sababu zilinguruma na maikrofoni ikanasa mlio wake. Kamera iliyokuwa imeshajifunza kutembea ikasimama palepale kwa miaka kadhaa, hadi vikapatikana vifuniko vizuri vya kuzuia mlio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamera nyepesi za filamu ya milimita 16, zikienda sambamba na kinasa sauti cha kubeba begani, ndizo zilizowawezesha watu kufuata mazungumzo barabarani. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ikaleta kihisi kikubwa na mandharinyuma yenye ukungu mwororo mikononi mwa watu wengi, lakini haikuwa na tundu la kuchomeka vipokea sauti vya masikioni, na mwanzoni video yake ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde peke yake. Kila mara kilichopatikana upande mmoja kililipiwa upande mwingine, na aliyefaidika ni yule aliyejua anahitaji upande upi.

Sasa 4K. HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani takriban milioni 2.1. 4K ya kawaida ina 3840 kwa 2160, takriban milioni 8.3. Mtu mwenye macho mazuri aliyeketi umbali wa mara 3 ya kimo cha skrini anakaribia kikomo cha kile ambacho HD inaweza kumwonyesha. Ili azione pikseli za ziada za 4K, asogee hadi karibu mara moja na nusu ya kimo hicho. Faida ya kweli ya 4K kwako ingekuwa kwenye uhariri: ukipiga kwa 4K na kutoa HD, unaweza kukata fremu hadi nusu ya upana na nusu ya kimo bila kupoteza kitu. Hata hivyo, kukata si sawa na kusogea. Ukikata, uhusiano wa uso na ukuta ulio nyuma yake unabaki uleule wa shoti pana, chenga (vitone vinavyochafua picha) zinakuzwa, na fokasi iliyokosewa kwa sentimita mbili, ambayo haikuonekana mwanzo, inajitokeza. Shoti ya karibu inayokusudiwa kugusa moyo ipigwe karibu.

Ushauri wetu: piga filamu hii kwa HD. Kama kuna kitu cha kutumia, kiende kwenye maikrofoni, taa moja nzuri na siku moja zaidi ya majaribio.

Nina kamera inayosifiwa kuona gizani. Nikipiga usiku kila kitu kinaonekana, lakini haionekani kama usiku, na nyuso za waigizaji wangu wenye ngozi nyeusi zinakuwa za kijivu. Kosa liko wapi? (Mpiga picha za filamu)

Makosa ni mawili na yanafanana kwa mbali tu, kwa hiyo tuyatenganishe.

La kwanza ni usiku wenyewe. Kamera za sasa nyingi zina ngazi mbili za asili za ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga. Sony FX6, kwa mfano, ikirekodi kwa S-Log3, mtindo wake wa logi (picha iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye), ina 800 na 12,800, tofauti ya stopu nne. Ukiwa ngazi ya juu, saketi ya kihisi inakuza ishara mapema kabla chenga za hatua za baadaye hazijaongezeka, ndiyo maana picha ya 12,800 inaweza kuwa safi kuliko ya 6,400 iliyopandishwa kutoka ngazi ya chini. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini ISO inapandisha vyote kwa kipimo kimoja: ukuta, miti, anga na uso. Jicho la mtazamaji halitambui usiku kwa uchache wa mwanga. Linautambua kwa tofauti, yaani sehemu ndogo inayong'aa katikati ya sehemu kubwa nyeusi, na kwa upande ambao mwanga unatokea. Ukiinua vyote unapata mchana wenye mawingu.

Jaribu hivi. Kaa kwenye ISO ya ngazi ya juu, f/2.8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa), shata 1/50 (sehemu ya sekunde ambayo kila fremu inapokea mwanga). Weka taa moja nyuma ya mwigizaji, pembeni, juu ya kimo cha kichwa, ili ichore ukingo wa nywele, shavu na bega. Upande wa kivuli weka ubao mweupe umbali wa mita moja hadi moja na nusu, urudishe mwanga kidogo tu. Ongeza chanzo kimoja kinachoonekana ndani ya fremu: balbu ya kibarazani, dirisha la nyumba ya mbali, taa ya pikipiki. Sasa punguza mwanga wa mandharinyuma hadi uwe stopu tatu chini ya upande unaong'aa wa uso. Kama taa ni ya mchana, Kelvin 5600, na kamera umeiweka 3200, bluu itakuwa nzito mno. Kwenye 4300 inakaa kama mbalamwezi. Kumbuka umbali unavyofanya kazi: taa ikitoka mita 1 ikaenda mita 2, mwanga unaofika ni robo, stopu mbili zimekwenda. Ukitaka ukuta ulio nyuma uwe na giza, msogeze mwigizaji mbali na ukuta na taa uisogeze karibu naye. Huhitaji kamera nyingine kwa hilo.

Kosa la pili ni ngozi, na hapa tunaomba usome taratibu, kwa sababu historia ya vifaa vyenyewe haikuwa ya haki. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na kwa muda mrefu mwanamke aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa mweupe. Filamu na mashine zikapangwa kumfaa yeye. Kihisi cha leo kina uwezo wa kutosha kushika ngozi yoyote, lakini mazoea ya kuweka taa bado yanatoka enzi ile.

Ngozi nyeupe hukaa takriban stopu moja juu ya kijivu cha kadi ya kupimia mwanga. Ngozi nyeusi huweza kukaa stopu moja hadi mbili chini yake, na hapo ndipo mahali pake. Ukimlazimisha mwigizaji apande hadi kiwango cha ngozi nyeupe, anageuka kijivu na kupoteza kina. Umbo la uso mweusi hujengwa zaidi na mng'ao kuliko na kivuli. Kwa hiyo usiongeze nguvu ya taa, ongeza ukubwa wake: ipige kwenye ukuta mweupe au ipitishe kwenye kitambaa cheupe chenye upana wa mita moja au zaidi, kisha isogeze pembeni hadi uone utepe mpana wa mng'ao ukishuka kwenye paji, shavu na taya. Mng'ao huo unaweza kuwa stopu mbili au tatu juu ya ngozi iliyobaki, na uso ukaonekana hai. Poda isiyong'aa ikizidi inaufuta; mafuta kidogo ya ngozi yanaurudisha.

Rangi ya kijivu yenyewe mara nyingi inatoka kwenye taa. Taa za LED za bei nafuu na taa nyingi za barabarani zina upungufu wa wekundu mzito, na ngozi nyeusi imejaa wekundu huo. Angalia kwenye karatasi ya taa kipimo cha CRI, yaani uaminifu wa rangi, kiwe 95 au zaidi, na kile cha R9, ambacho ndicho kinachopima wekundu. Watengenezaji wengi wanakiacha kwa sababu hakiwapendezi. Rangi isiyokuwepo kwenye mwanga hairudishwi kwa kompyuta. Mwisho, zima upimaji wa mwanga wa kujiendesha. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe unaifanya kamera ishushe picha nzima, na anayelipa ni mwigizaji.

Nilishauriwa nipige kwa logi ili niwe na uhuru wa rangi. Nikirekebisha, anga linatoa mistari kama ngazi na vivuli vimejaa chenga. (Mhariri)

Bila shaka kamera yako inarekodi biti 8. Biti 8 ni viwango 256 kwa kila rangi. Biti 10 ni 1024. Logi inaeneza stopu 14 hivi kwenye viwango hivyo: kwa biti 8 kila stopu inapata takriban 18, kwa biti 10 takriban 73. Anga linalobadilika polepole kutoka bluu nzito kwenda nyepesi linaweza kukaa ndani ya stopu moja, kwa hiyo lina ngazi 18 tu. Ukiongeza utofauti wakati wa kurekebisha rangi unazivuta zikaachana, na jicho linaziona.

Kama huna biti 10, achana na logi. Tumia mtindo wa kawaida wa picha, shusha utofauti na ukali kidogo, na upate mwanga sahihi palepale. Kwa zilizokwisha kupigwa, ongeza punje nyembamba juu ya anga baada ya kurekebisha rangi. Punje zinavunja kingo za ngazi.

Chenga za vivuli ni suala jingine: umepiga na mwanga pungufu. Picha ya logi inaonekana nyepesi na iliyopauka hata ikiwa sahihi, na watu wakiiona hivyo kwenye kioo wanaishusha. Usiamini kioo. Kwa S-Log3, kadi ya kijivu ikae asilimia 41 kwenye grafu ya mwanga na karatasi nyeupe asilimia 61. Wengi hupiga stopu moja juu ya hapo, kisha wakaishusha kwenye uhariri, na chenga zinazama pamoja na vivuli. Inafaa, mradi uweke alama ya pundamilia (mistari inayotokea kwenye kioo mwanga ukifika kiwango ulichochagua) kwenye 94 na uhakikishe hakuna kitu cha maana kinachoigusa.

Nilihamia kamera ya fulu fremu, yenye kihisi kikubwa, na lenzi ya milimita 85 yenye f/1.4. Inapendeza mno, ila nusu ya shoti zangu hazina fokasi, hata nikitumia fokasi ya kujiendesha. (Mwanafunzi wa filamu)

Hesabu inasema yote. Milimita 85 kwa f/1.4, mwigizaji akiwa mita 1.5, kina cha fokasi ni kama sentimita 2.6. Kope zimo, masikio hayamo. Mwigizaji akivuta pumzi na kuinama kidogo ameshatoka. Kwa f/4 unapata kama sentimita 7.5, na kwa f/5.6 karibu sentimita 10.5. Mandharinyuma bado yana ukungu, na mtu ana nafasi ya kuigiza.

Ukubwa wa kihisi peke yake hauleti ukungu. Picha ya milimita 50 kwa f/2.8 kwenye fulu fremu inapatikana kwa karibu milimita 33 na f/1.9 kwenye Super 35, kihisi kidogo zaidi, au milimita 25 na f/1.4 kwenye kihisi cha Micro Four Thirds, kidogo kuliko vyote viwili. Kinachobadilika ni lenzi zipi unalazimika kubeba.

Jiulize pia ukungu unakusaidia nini. Ukiwa unasimulia mtu aliyetengwa na wenzake, fokasi nyembamba inasema hivyo. Ukiwa unasimulia familia iliyobanwa kwenye chumba kimoja, kufuta chumba ni kufuta hadithi.

Fokasi ya kujiendesha siku hizi inashika jicho vizuri kabisa, lakini haijui nani anasikilizwa. Katika shoti ya watu wawili, atakayegeuza uso anampokonya mwenzake fokasi katikati ya sentensi. Punguza eneo lake lifunike upande mmoja wa fremu, shusha kasi ya kuhama, na weka wepesi wa kubadili mtu kwenye kiwango cha chini kabisa. Kwa kuhamisha fokasi kwa makusudi fanya kwa mkono: pima kwa futi ya utepe kutoka alama ya kihisi iliyo juu ya kamera, bandika alama sakafuni pale mwigizaji anaposimama, weka alama nyingine kwenye pete ya lenzi, na mfanye jaribio moja la kutembea bila kurekodi.

Je, simu inaweza kupiga filamu ndefu? Nimejaribu mchana, watu wakitembea wanaonekana kama wanakatikakatika, na sauti inapishana na midomo. (Msomaji wa muda mrefu)

Inaweza. Filamu ya "Tangerine" ya Sean Baker, iliyotoka mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5s, ikiwa na lenzi ya kubandika ya picha pana na programu inayofunga mipangilio. Angalia walichofanya: walitafuta picha inayotembea mjini pamoja na wahusika, na simu ikawapa hiyo.

Kukatikakatika kwako kunatokana na shata. Tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki, chukulia f/1.8. Kwenye jua kali, ISO 50 na f/16 zinahitaji shata 1/50. Kutoka f/16 hadi f/1.8 ni zaidi ya stopu sita, kwa hiyo simu inakimbilia karibu 1/4000. Kila fremu inagandishwa kali, na mwendo unapoteza ule ukungu mdogo unaounganisha fremu na fremu. Dawa ni filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu sita, inayoandikwa 1.8 au ND64, kisha ufunge shata kwenye 1/50 kwa fremu 24 au 25. Wenye kamera kubwa wana tatizo hilohilo: ISO 800, 1/50, jua kali, ukitaka f/4 unahitaji stopu nane.

Filta ya ND inayozungushwa ni rahisi kubeba, lakini ni polaraiza (vioo vya kuchuja mng'ao) mbili zilizobebana. Ukiizungusha hadi mwisho kwenye lenzi pana, alama ya X nyeusi inatokea katikati ya picha. Tena polaraiza hunyonya mng'ao wa ngozi tuliousifu hapo juu. Kwa nyuso, tumia ND ya kioo kimoja. Zile nzito zisizozuia mwanga wa infraredi hugeuza vitambaa vyeusi kuwa vya hudhurungi, basi chagua zilizoandikwa kwamba zinauzuia.

Sauti kupishana: simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kimyakimya, na programu za uhariri hazipendi hivyo. Tumia programu ya kamera inayoshikilia idadi isiyobadilika, au pitisha faili kwenye programu ya kubadilisha umbo la video ukichagua idadi thabiti kabla ya kuanza kuhariri. Na rekodi sauti kwa kinasa cha pembeni. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti.

Nikigeuza kamera haraka, nguzo zinalala upande. Na chini ya taa fulani kuna mistari inayopanda. Kamera yenye shata ya globali itamaliza yote mawili? (Mpiga picha za matukio na filamu)

Itamaliza la kwanza. La pili itabadilisha sura tu.

Vihisi vingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kikichukua milisekunde 20, na wewe unageuza kamera kwa kasi ya upana mzima wa fremu kwa sekunde moja, mguu wa nguzo utakuwa umehama asilimia 2 ya upana kulinganisha na kichwa chake: karibu pikseli 77 kwenye 4K. Kihisi cha milisekunde 8 kinaipunguza hadi kama 31, na wachache wataona. Kamera nyingi husoma haraka zaidi ukitumia sehemu ya katikati tu ya kihisi. Shata ya globali inasoma mistari yote kwa wakati mmoja, lakini vihisi vyake mara nyingi hutoa sadaka sehemu ya upana wa mwanga, hivyo kwa filamu ya mazungumzo ya taratibu huenda ukaruka majivu ukakanyaga moto. Kwa matukio ya mapigano, mwanga wa radi, au picha za kuunganishwa na michoro ya kompyuta, inastahili.

Mistari inayopanda ni taa. Umeme wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, unazifanya taa nyingi zipige mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inakusanya mapigo mawili kamili, 1/100 moja kamili, na mistari inatoweka. Kwa Hz 60 tumia 1/60 au 1/120. Ukipiga fremu 24 na shata yako inapimwa kwa nyuzi, ni 172.8 kwa Hz 50 na 144 kwa Hz 60. Ukiwa na shata ya globali bila kurekebisha hili, mistari itageuka kuwa picha nzima inayopumua, inang'aa na kufifia, na hilo ni gumu zaidi kulisafisha. LED zinazopunguzwa kwa kitufe huwa na mapigo yasiyofuata umeme wa ukutani. Ziwashe asilimia 100 na upunguze mwanga kwa kitambaa au umbali.

Mteja anataka mwendo wa polepole sana, kamera ina fremu 120. Tatizo ni nini? Picha inacheza, na diski zimejaa. (Wawili studioni)

Kucheza kwa picha ni jambo lilelile la taa. Fremu 120 chini ya mapigo 100 zinapishana mara 20 kwa sekunde. Mradi wako ukiwa wa fremu 25 kwenye umeme wa Hz 50, piga fremu 100: unapata upole mara nne kamili na kila fremu inakutana na pigo lake. Shata itakuwa 1/200, stopu mbili chini ya 1/50, kwa hiyo ongeza taa mara nne. Piga fremu nyingi kwenye shoti inayozihitaji tu; mwendo wa polepole uliotapakaa filamu nzima unachosha, tena kamera nyingi zikiwa na fremu nyingi hupunguza ubora wa picha bila kukuambia.

Kuhusu diski, fanya hesabu kabla ya siku ya kwanza. Megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Megabiti 400 ni gigabaiti 180. ProRes 422 HQ (umbo la video lisilobanwa sana) ya 4K kwa fremu 25 ni karibu 330. Saa mbili kwa siku kwa siku 10, kwa megabiti 400, ni terabaiti 3.6, na nakala tatu ni 10.8. 8K ina pikseli mara nne ya 4K, basi uzito unapanda pamoja nayo. Nakala mbili zikamilike na zikaguliwe kwa programu inayolinganisha faili, si kwa kutazama idadi ya mafaili, kabla kadi haijafutwa. Ya tatu ilale jengo jingine. Kadi isiyo na nakala ibandikwe utepe mwekundu, na mtu mmoja tu ndiye awe na ruhusa ya kuubandua.